Taa Iliyocheza Chini ya Kitenge

Wiki iliyopita, kwenye kibanda cha kuchajia simu karibu na soko, chaja ya mtu iliungua. Moshi mwembamba ukapanda, harufu ya waya na plastiki ikajaa, watu wakakimbilia nje wakilaumiana. Mimi nikabaki ndani nikivuta pumzi kwa raha zangu, kama mtu anayepita mlangoni pa jirani anayekaanga samaki wa mikebuka. Kijana wa kibanda alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama niko mzima. Nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimerudi tu kwenye uwanja wetu wa Kataki, mtaa wa Kalemie, mtoto wa shule ya msingi, na moshi wenye harufu hiyohiyo ulikuwa unatoka kwenye tablo, ile dashibodi ya gari la baba yangu, Papa.

Ninyi wa rika langu mnayakumbuka magari yale. Yalikuwa yakivuka ziwa kutoka Kigoma juu ya maboti ya mizigo, yamechakaa kidogo, na usukani uko upande wa kulia. Sasa sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa njia, kwa hiyo dereva wa gari la namna hiyo anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni kitu. Anaona mgongo wa lori na majani ya pembeni, basi. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto, na katika gari la Papa aliyekaa kushoto nilikuwa mimi.

Papa alinipa kazi hiyo mara tu miguu yangu ilipoanza kuning'inia vizuri kitini. Alikuwa anafanya teksi, tena teksi ya kuheshimika, na wateja walikaa nyuma wote kwa sababu mbele palikuwa na mwenyewe. Akifika nyuma ya lori alikuwa ananiuliza bila kugeuza kichwa, "Sifa, njia iko?" Nami nanyoosha shingo, naangalia, najibu, "Iko, Papa," au, "Apana, ngoja." Wateja wageni walikuwa wanashika viti. Mimi nilikuwa najivuna mpaka nyumbani, na ndugu zangu wadogo walinichoka.

Kisha homa ikamchukua Papa, haraka kuliko tulivyoweza kuamini. Siwezi kuandika mengi juu ya siku zile. Ninachokumbuka ni mikeka, wanawake wengi, bukari, ugali wetu, iliyopikwa kwenye masufuria ya kuazima, na shangazi mmoja wa Papa aliyenishika mashavu akaniambia, "Papa yako hajaenda mbali. Iko anakuangalia." Alisema kwa kunifariji, kama watu wakubwa wanavyosema. Lakini mtoto akiambiwa mtu hajaenda mbali, anaanza kumtafuta karibu.

Gari lilibaki uwanjani. Papa Mukubwa, kaka yake Papa, alitaka kulichukua siku ileile tuliyorudi makaburini. Hakuwa mtu mbaya, na nisimsingizie. Kwao mali ya mwanaume inarudi kwa ndugu zake, ndivyo alivyoona tangu utotoni, na yeye alikuwa na kijana aliyejua kuendesha. Nkambo, mama yao, akasema vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya siku ya kuondoa kilio. Mpaka siku hiyo, kila kitu kikae mahali pake.

Mama yangu alilisikia neno hilo akalielewa kwa namna yake. Mahali pa gari ni barabarani. Papa alikuwa amemfundisha kuendesha siku za Jumapili baada ya misa, kwenye njia ya mchanga kando ya ziwa, na vijana walikuwa wanakusanyika kucheka. Baada ya kilio kutulia, asubuhi moja alifunga kitambaa chake cheusi vizuri, akaingia upande wa usukani, akafungua mlango wa kushoto kutokea ndani. "Ingia," akaniambia. "Mimi sina macho ya kule." Tukaanza kubeba wanawake wa ndagala, wauza dagaa, kutoka ufukweni mpaka sokoni, na beseni zao, na maneno yao yasiyoisha. Tulikula kwa gari lile. Bila lile, tungerudi kwa wajomba kule Moba, na shule yangu ingeishia hapo.

Kulikuwa na sharti moja. Mjane wa ukoo ule, kabla kilio hakijaondolewa, jua lisimzamie njiani. Likianza kushuka yuko nyumbani. Mama alilishika sharti hilo kama alivyolishika vazi jeusi. Kwa hiyo miezi yote ile gari letu lilitembea mchana tu, na hakuna aliyewahi kuwasha taa zake. Kumbukeni hapo, maana mambo yote yalizaliwa hapo.

Wanawake wa ndagala wana tabia moja: hawawezi kukaa kimya, na hawawezi kumwacha mtu mwingine akae kimya. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa haishiki stesheni hata moja ya kwetu, inakoroma tu. Antena yenyewe ilikuwa imevunjika zamani. Basi wanawake wale, mmoja wao aliporudi kutoka Kigoma, wakamletea Mama redio nyingine ya gari, ya kaseti, ikiwa zawadi. "Mama Sifa," wakamwambia, "kilio ni cha muke, gari haiko mujane. Tuimbie kidogo." Mama alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu makaburini. Kwa ajili ya kicheko kile mimi niliipenda redio kabla haijafungwa.

Aliyeifunga ni Djo, kijana mtengeneza redio wa mtaa wetu, bingwa wa vipaza sauti vya kanisa. Gari hakuwahi kulifungua hata moja, lakini hakuona sababu ya kusema. Plagi ya redio mpya haikuingia kwenye plagi ya gari, basi akazikata zote mbili, akaanza kuunganisha waya kwa waya. Alikuwa na ampuli, balbu ndogo yenye mikia miwili ya waya, ya kupimia. Anagusisha hapa, anagusisha pale, ikiwaka anasema "Iyi!" na kufunga kwa mkanda mweusi. Redio ilikuwa ndogo kuliko tundu lake, akaibana kwa vipande vya karatasi ngumu. Alipozungusha ufunguo kurudisha kontakti, kwaya ikaimba. Wanawake wakapiga vigelegele, Djo akapewa samaki, akaondoka akitembea kama mkurugenzi.

Juu ya tablo Mama alikuwa ametandika kitenge. Kilikuwa cha njano chenye ndege wa buluu, Papa alimnunulia mwaka wa mwisho, na kwa kuwa mjane havai rangi, Mama aliona heri kilinde tablo na jua kuliko kiliwe na mende sandukuni. Kilining'inia mpaka chini karibu na magoti yangu. Siku moja, tumesimama tukingoja wateja na kwaya inaimba, niliingiza kichwa chini ya kitenge kukimbia jua. Kulikuwa na giza zuri lenye harufu ya vumbi na sabuni. Na katika giza lile, pale kwenye vishale vya kasi na mafuta, nikaona mwanga mwekundu hafifu. Ngoma ikipiga, unapanda. Ngoma ikinyamaza, unashuka. Ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Sikushangaa hata kidogo. Shangazi alikwisha kuniambia hajaenda mbali.

Kuanzia siku ile nilikuwa na Papa wangu chini ya kitenge. Kila tuliposimama niliingiza kichwa, nikamweleza habari: mwalimu amenipiga bila kosa, mdogo wangu amekula ndagala mbichi, Mama amepita lori kubwa la saruji kwa macho yangu. Alinisikiliza akipumua. Sikumwambia mtu, kwa sababu watoto wanajua vitu ambavyo watu wakubwa wakivijua wanaviharibu. Wanawake walidhani nakimbia jua. Nilikuwa na furaha ya siri, na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Jioni moja, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika siku ya kuondoa kilio, binti wa jirani yetu Mama Riziki alishikwa na uchungu wa kuzaa. Jua lilikuwa limekwisha kugusa milima. Mama Riziki alikuja mbio, akafika mlangoni, akaliona vazi jeusi la Mama, akasita. Alilijua sharti. Mama alimtazama, akachukua ufunguo.

"Kilio kitanisamehe," akasema. "Mutoto hawezi kungoja jua ya kesho. Sifa, kaa mbele."

Tukaondoka, binti analia nyuma, mama yake anamshika, kwaya inaimba kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Giza likaanza kuingia. Kwa mara ya kwanza Mama akawasha taa. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Tukaenda hivyo kidogo, njia inaonekana vizuri mbele yetu, mpaka tukaruka shimo kubwa. Tukasikia kitu kikilia "pa!" ndani ya tablo. Mwanga wa vishale chini ya kitenge ukazimika, taa za nyuma nazo, na redio, bila kuguswa na mtu, ikaanza kuimba tena yenyewe. Ulikuwa ule wimbo wa kwaya ambao Papa alikuwa anaupigia mluzi akiosha gari.

Mama Riziki alianza kusali kwa sauti. Mama hakupunguza mwendo. Taa kubwa za mbele zilikuwa bado hai, akazifuata mpaka hospitali, na mtoto wa kiume alizaliwa salama. Lakini mimi niliingiza kichwa chini ya kitenge wakati redio inaimba, nikaangalia. Ngoma ilipiga na hakuna kilichopanda wala kushuka. Papa hakuwa anapumua tena.

Habari za Kalemie hazihitaji gari. Kesho yake asubuhi, soko zima lilijua: mjane amevunja sharti, marehemu amezima taa na kuimba mwenyewe ndani ya gari. Papa Mukubwa alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kofia.

"Mama Sifa, mimi sikuchukii," akasema. "Lakini ndugu yangu njo anasema vile. Gari inakataa. Siku ya kuondoa kilio, ufunguo utawekwa ku mukeka pamoja na vitu vyake vingine, na mimi nitaubeba."

"Ni fuzible tu imekatika, Papa Mukubwa," Mama akajibu. "Fuzible haijue mujane."

"Basi utengeneze. Kama siku ile taa zitawaka na kubakia, nitanyamaza."

Aliyasema kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko kelele. Kwa sababu mimi nilikuwa upande wake. Nani alijua kuliko mimi kwamba Papa alikuwa mle ndani, na kwamba tangu jioni ile amenyamaza? Nilikuwa nalala nikijiuliza amekasirika na nani, na jibu lilikuwa lilelile: na sisi tuliotoka baada ya jua.

Mama aliweka fyuzi mpya, akawasha taa, ikalia "pa!" Akaweka nyingine, ikalia hivyohivyo. Akamwita fundi wa magari aliyekuwa akimtengenezea Papa, mtu wa haraka, ambaye alitoa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaichomeka mahali pa fyuzi. "Hii haikatikake," akasema kwa fahari, na kweli haikukatika. Kilichokatika ni subira ya waya. Moshi ukatoka kwenye tablo, mweupe kwanza, kisha mweusi, na ile harufu ikajaza uwanja. Mama alirukia batri akaing'oa kwa mikono. Tulipoinua macho, Papa Mukubwa alikuwa amesimama kwenye ua, anatazama. Alifanya ishara ya msalaba, akarudi alikotoka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, na kilio kilikuwa kinaondolewa Jumapili.

Jumamosi asubuhi Mama alimfukuza fundi wa sigara na kumwita Djo, ambaye alikuja akitembea taratibu, si kama mkurugenzi tena. Alitaka kukata nyaya zote aanze upya. Mama akamzuia mkono. Yeye alizaliwa kwa wavuvi, na amekua akishona nyavu na kaka zake. "Wavu ikijikunja haukate," akamwambia. "Ukikata utakuwa na matundu mbili. Unashika uzi moja, unaifuata mupaka mwisho. Kiisha ingine." Akajilaza chali chini ya tablo na vazi lake jeusi, miguu nje, akaanza kufuata waya kwa vidole. Waya wa kijani ndio ulioungua, ngozi yake imeyeyuka. Akaufuata kutoka kwenye fyuzi mpaka taa za tablo, na kutoka hapo mpaka nyuma ya redio.

"Huu wa taa unatafuta nini kwa redio?" akauliza kutoka chini.

"Ule njo masi, waya ya kurudia ku chuma, Mama Sifa," Djo akajibu. "Nilipima. Ampuli yangu iliwaka vizuri."

"Ulipima lini?"

"Muchana. Sasa ningepima na usiku?"

Mama akasema waitoe redio nje ya tundu lake, ikiwa bado imefungwa kwenye nyaya, waione mgongo. Djo akarudisha batri na kontakti ili asikie kama ingali hai. Kwaya ikaimba. Akaivuta taratibu, karatasi zake ngumu zikadondoka zimekunjamana, akaishika hewani kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa kitini kwangu, kichwa chini ya kitenge, naaga. Nilijua wanamtoa Papa, na nilitaka awe na mtu wa kumuaga.

Na hapo mwanga ukarudi. Mwekundu, hafifu, ukipanda na kushuka na ngoma.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Amerudi! Papa anapumua!"

Mama alitoka chini ya tablo nywele zimejaa vumbi. Nilimweleza yote, kwa kwikwi, bila mpangilio: shangazi na mashavu, mwanga, habari za mwalimu, jinsi alivyonyamaza ile jioni ya hospitali. Mama alinisikiliza amepiga magoti kwenye mchanga. Niliona uso wake ukivunjika, ukajikusanya, ukavunjika tena. Kisha akaingiza kichwa chake chini ya kitenge, akakaa humo muda. Alipotoka, macho yake yalikuwa na maji na mdomo wake ulikuwa unacheka.

"Djo," akasema, "weka kichwa humu."

Djo akaingia chini ya kitenge, redio mkononi. Tukasikia akisema peke yake, "Ee." Redio ilipogusa chuma cha tundu, mwanga ukazimika na kwaya ikaimba kwa nguvu zaidi. Alipoiinua, mwanga ukarudi kucheza. Akaigusisha tena, akaiinua tena, kama mtoto aliyegundua mlango. Alipotoka alikuwa hana haya hata kidogo, amejaa furaha tu.

"Ni mimi," akasema. "Mama Sifa, ni mimi njo nilidanganyika. Redio inakunywa moto wa batri kwa waya moja, inautema kwa ingine. Ule wa kutema unapashwa kufungwa ku chuma ya gari. Mimi nikaufunga ku waya ya mataa ya tablo. Muchana mataa imezimwa, moto unapitia mule ndani ya ampuli, unafika ku chuma pole pole. Njo sababu iliwakia mutoto huyu. Njo sababu na mimi ampuli yangu iliwaka, nikasema masi. Kama tungewasha taa hata siku moja, redio ingenyamaza palepale, tungejua."

"Na lile shimo?" Mama akauliza.

"Shimo ilisukuma redio, ikagusa chuma. Basi, ukiwasha taa, moto wa batri unaruka mara moja ku chuma. Pa! Na redio, ikishapata chuma yake, inaimba."

Mama alikaa kwenye mchanga akacheka mpaka akashika mbavu. Sharti la jua ndilo lililolificha kosa, na kulivunja sharti hilohilo ndiko kulikolifichua. Mimi sikucheka. Niliona wanapanga kuuondoa ule mwanga wangu.

Walifanya kazi mpaka mchana. Djo alikwangua rangi kwenye bolti ya chuma nyuma ya tablo mpaka ikang'aa, Mama akaufunga pale waya mweusi wa redio, ule wa kutema, kwa fundo lake la wavu kwanza, halafu akaukaza kwa spana. Waya wa kijani ulioungua wakautoa, wakaweka kipande kizima. Redio ikabanwa kwa ubao badala ya karatasi. Fyuzi ya kweli ikawekwa. Mama akawasha taa, na hakuna kilicholia. Vishale vyote vikawaka, na kwaya ikaendelea kuimba.

Nikaingiza kichwa. Mwanga ulikuwa mkubwa, wa njano, umetulia. Ngoma ilipiga na haukutingishika.

"Hapumui," nikasema.

Mama aliingiza kichwa karibu na changu, shavu kwa shavu. "Sasa njo anapumuzika," akasema. "Ulimuchosha na ngoma na habari za mwalimu, masikini. Umuache alale."

Nimekaa na neno hilo miaka yote hii. Nikiwa mkubwa nimeelewa kwamba alikuwa ananitania, na kwamba wakati uleule alikuwa anajiambia na yeye mwenyewe.

Jumapili uwanja ulijaa. Vitu vya Papa vilitandazwa kwenye mkeka: mashati, viatu, saa ya mkononi, na ufunguo wa gari. Wanawake walimchukua Mama ndani wakamuosha, wakamvua nguo nyeusi. Alipotoka, alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa buluu. Alikitoa kwenye tablo, akakifua, kikakauka asubuhi hiyo. Upande mmoja kilikuwa kimepauka kwa jua na alikuwa ameufunga huohuo mbele, waziwazi. Sijawahi kumwona mwanamke mzuri kama yule.

Vitu viligawanywa. Ufunguo ukabaki wa mwisho. Jua lilikuwa linazama, na Papa Mukubwa aliinama akauokota, akauangalia.

"Nilisema neno mbele ya Mama Sifa," akawaambia watu. "Nitaliheshimu." Akampa Mama ufunguo. "Washa."

Mama akaingia. Akawasha gari, akawasha redio, kisha akaangalia kwanza jua, mpaka ukingo wake wa mwisho ulipoingia nyuma ya milima, ndipo akawasha taa. Tablo, bila kitenge, iliwaka yote mbele ya macho ya watu. Nyuma, ukuta wa nyumba yetu ukawa mwekundu kwa taa. Kwaya haikukosa hata neno moja. Papa Mukubwa alizunguka gari taratibu, akagusa kila taa kwa kiganja, akapiga tablo ngumi moja ya kulijaribu. Hakikutikisika kitu. Mama Riziki, na mjukuu wake mikononi, ndiye aliyeanza vigelegele, na uwanja mzima ukamfuata.

Papa Mukubwa aliegemea mlango, akafunika macho kwa kofia yake. "Nilisema ni wewe amekukasirikia," akamwambia Mama kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Kumbe nilikuwa naogopa ni mimi. Sikuenda kumuona hata siku moja ku hospitali."

"Hakukasirika," Mama akasema. "Alikuwa anauliza tu, Papa Mukubwa iko wapi. Ingieni, twende mupaka ku Lukuga, turudie."

Nkambo alikuwa amekwisha kupanda nyuma kabla ya kualikwa, anadai waongeze sauti. Papa Mukubwa akafungua mlango wa mbele, wa kushoto.

"Unisamehe," Mama akamwambia. "Hapo njo kwa macho yangu."

Mzee yule alinitazama, nimesimama kwenye mchanga na gauni langu la kilio. Akanishikia mlango, nikapanda. Yeye akaenda nyuma kwa mama yake, magoti yakiwa kidevuni, wala hakulalamika, na ufunguo haukuzungumziwa tena siku ile wala siku nyingine.

Tukashuka kuelekea daraja la mto Lukuga, madirisha wazi, upepo wa ziwa unaingia, Nkambo anaimba kwa sauti kuliko kaseti. Kabla ya daraja tulilikuta lori, limejaa magunia, linajivuta katikati ya njia na kutoa moshi. Mama akalisogelea. Kitenge cha njano kiling'aa kwa taa za tablo, na taa hizo hazikucheza. Nilimtazama kidogo, kwa kuwa sasa hakukuwa na mahali pa kuingiza kichwa.

"Sifa," akaniuliza bila kugeuka, "njia iko?"

Nikanyoosha shingo. Njia ilikuwa wazi mpaka ng'ambo.

"Iko, Mama," nikasema. "Pita."